Mswada Umefika Mezani kwa Mkubwa: Jinsi ya Kumshauri Atie Saini au Aurudishe

Bahasha ya kaki ilifika Ijumaa saa kumi kasorobo jioni. Karani wa masjala akaitia saini kwenye daftari, akaiweka kwenye trei, akafunga ofisi. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Jumanne asubuhi mswada ukatufikia sisi wa ofisi ya sheria, nasi tukaanza kuhesabu siku kuanzia Jumanne hiyo kwa roho safi kabisa. Gavana hakuutaka mswada ule, na sababu zake zilikuwa na uzito. Tukaandika waraka wa kuurudisha, tukaupeleka kwenye bunge la kaunti Jumatatu ya wiki ya tatu tukiamini tumebakiwa na siku moja. Karani wa bunge akafungua daftari lake, akaweka kidole palepale kwenye saini ya karani wetu, akasema kwa upole: "Wakili, huu sasa si mswada. Ni sheria tangu Ijumaa."

Kaunti siitaji, na gavana mwenyewe alishatusamehe. Ila tangu siku ile, kila ninapoulizwa na vijana wanaoanza kazi hii jinsi ya kumshauri kiongozi kuhusu mswada, sianzi na Katiba wala siasa. Naanza na daftari la masjala.

Mwongozo huu ni wa Kenya, ambako Rais ndiye Kiongozi wa Nchi na pia wa Serikali, na kalamu ya mwisho ni yake. Gavana naye ana kalamu ya aina hiyohiyo chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kwa hiyo mengi ya hapa yatamfaa mshauri wa Ikulu na mshauri wa kaunti vilevile. Majirani wana kanuni zao, nitazigusia kidogo.

Kwanza: andika tarehe kabla hujasoma neno

Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa Rais siku 14 tangu apokee mswada. Ndani ya siku hizo atie saini, au aurudishe bungeni akieleza asichokubaliana nacho. Asipofanya lolote, siku zikiisha mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Kwa hiyo kwetu kimya ni saini. Wakubwa wengi hawalijui hili vizuri. Utamsikia mmoja akisema, "Tuuache kwanza tuone upepo." Mwambie upepo ukipita siku ya 14, mswada umepita nao.

Namna ya kuhesabu iko kwenye Kifungu cha 259. Siku ya kupokea haihesabiwi, siku ya mwisho huhesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hapo katikati Jumapili na sikukuu zote zimo. Na angalia: Jumamosi haikutajwa. Muda ukiisha Jumamosi, umeisha Jumamosi.

Uganda Rais ana siku 30, na kimya pale pia ni kukubali. Tanzania mambo ni tofauti. Ibara ya 97 ya Katiba yao inasema Rais akikataa atarudisha muswada pamoja na sababu, na Bunge haliwezi kuupeleka tena kabla ya miezi 6 isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote wakiuunga mkono. Wakiuunga mkono na kuurudisha ndani ya muda huo, Rais aukubali ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Kwa hiyo mshauri wa kule ana mizani nyingine kabisa mkononi. Usinakili karatasi ya mwenzako wa nchi jirani ukabadilisha majina tu.

Ukishapata tarehe ya mwisho, rudi nyuma nayo. Mimi hupanga hivi: siku ya 3 barua zimetoka kwenda kwa wizara husika, Hazina na Mwanasheria Mkuu, siku ya 7 majibu yamefika, au nimepiga simu mara nne, siku ya 9 karatasi iko tayari, siku ya 10 nimekaa na mkubwa. Siku 4 zinazobaki si za kupumzika. Ni za kuandika waraka wa kurudisha mswada kama ndivyo atakavyoamua, maana waraka huo ni kazi ngumu kuliko saini.

Pili: hakikisha unasoma mswada uliopitishwa

Utashangaa ni mara ngapi watu wanabishana juu ya nakala mbili tofauti. Waziri ameshika ile iliyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi wakati mswada unasomwa mara ya kwanza. Magazeti yananukuu ripoti ya kamati. Wanaharakati mitandaoni wanasambaza picha ya ukurasa ambao ulishafutwa. Na mezani kwa mkubwa iko nakala ya tatu, iliyothibitishwa na Spika, ambayo ndiyo pekee itakayokuwa sheria.

Chukua nakala hiyo, chukua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya siku ya Kamati ya Bunge Zima wabunge walipopitia mswada kifungu kwa kifungu, chukua rula na kalamu nyekundu. Pitia kila badiliko lililopitishwa ukumbini uone kama limeingia, na kama limeingia pale lilipotakiwa. Mabadiliko ya dakika za mwisho huhamisha namba. Kifungu cha 14 kinakuwa cha 15, lakini kifungu cha adhabu bado kinasema "kinyume na kifungu cha 14", na sasa mtu anaweza kufungwa kwa kutojaza fomu ya mkutano wa bodi. Nimewahi kukuta kitu kama hicho, na hakuna mbunge aliyekikusudia.

Kazi hii haina heshima yoyote. Haikupi nafasi ya kukaa mezani na mawaziri. Lakini ifanye mwenyewe, usimwachie mwanafunzi wa mafunzo kazini.

Tatu: uliza ulipitia njia gani

Mswada mzuri uliopita njia mbaya hufia mahakamani, na saini ya mkubwa wako ndiyo itakayokuwa kwenye picha. Maswali ya lazima ni manne.

Je, unagusa kaunti? Kama ndiyo, Seneti lazima ihusishwe, na Kifungu cha 110 kinawataka maspika wawili walimalize swali hilo kwa pamoja kabla mswada haujajadiliwa. Usichukulie kirahisi. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa bila Seneti. Zote zilikuwa zimetiwa saini. Kesi iliendelea kwenye Mahakama ya Rufaa na kuchukua sura nyingine, lakini jiulize: sheria 23, na kila moja ilikuwa na mtu aliyemwambia Rais kwamba mambo yako sawa.

Je, akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo ukumbini, ilitimia? Kwetu ni wabunge 50 Bunge la Kitaifa na maseneta 15 kwenye Seneti. Hili linaonekana dogo hadi utazame Kampala. Sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ambayo Rais Museveni aliitia saini Februari 2014 mbele ya kamera za dunia nzima, ilifutwa na Mahakama ya Kikatiba Agosti 1 mwaka huohuo. Majaji hawakufika hata kwenye maudhui yake. Waliona tu kwamba ilipitishwa bila akidi.

Je, umma ulishirikishwa? Kifungu cha 118. Taka ushahidi: matangazo, orodha za waliohudhuria, maoni yaliyopokelewa, na kamati ilisema nini juu yake. Neno la mwenyekiti wa kamati kwamba "wananchi walihusishwa kikamilifu" si ushahidi.

Je, ni mswada wa fedha, yaani wa kodi au matumizi ya Serikali, na kama ni hivyo ulipita kwenye mlango wa mswada wa fedha? Hapa Kifungu cha 114 kinatosha. Mpigie mtu wa Hazina.

Nne: tafuta neno moja litakalokuumiza

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu. Nitatumia mfano mmoja, maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Agosti 24, 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mabadiliko ya Sheria ya Benki yaliyoweka kikomo cha riba. Wananchi walishangilia. Benki zilikuwa zikitoza riba ambazo zilimfanya mwenye duka atetemeke, na wabunge walikuwa wamejaribu kuweka kikomo zaidi ya mara moja. Sheria ilisema riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi kinachowekwa na kutangazwa na Benki Kuu. Kiwango cha Benki Kuu wakati huo kilikuwa asilimia 10.5, hivyo mkopo usingezidi asilimia 14.5. Hesabu ya darasa la tano.

Sasa soma tena: "kiwango cha msingi". Benki Kuu ilikuwa ikitangaza viwango viwili, cha kwake yenyewe na kingine cha marejeo cha mabenki, na hakuna hata kimoja kilichoitwa kwa jina hilo lililokuwa kwenye sheria. Kipi ndicho? Ilibidi Benki Kuu itoe ufafanuzi Septemba, sheria ikiwa inaanza kufanya kazi, kwamba kinachotumika ni kiwango chake yenyewe. Ufafanuzi ulituliza soko, lakini waraka wa Benki Kuu hauwezi kutibu sheria. Machi 2019 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho hakieleweki vya kutosha, kikiwemo kiwango hicho cha msingi na maana ya mkopo wenyewe, ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na kulipatia Bunge miezi 12 kurekebisha.

Huko nje nako mambo yalikuwa yamekwenda vingine. Benki iliyoambiwa isimtoze mama mboga zaidi ya kikomo hicho iliangalia hatari ya kumkopesha, ikaangalia hati za kuikopesha Serikali ambazo hazina hatari, ikachagua hati. Biashara ndogo, ambazo sheria ilitungwa kwa ajili yao, ndizo zilizokosa mikopo. Mwishowe, Oktoba 2019, Rais yuleyule aliurudisha Mswada wa Fedha bungeni akitaka kikomo hicho kiondolewe. Wabunge waliotaka kumpinga walihitaji theluthi mbili, yaani kura 233 kati ya viti 349. Idadi haikutimia. Kikomo kikafutwa Novemba 2019.

Sisemi Rais angekataa mwaka 2016. Kukataa wakati ule, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, mbele ya mswada uliopendwa vile, kungemgharimu sana, na mshauri asiyeona hilo hafai kazi hii. Ninachosema ni kwamba siku 14 zilitosha kuurudisha kwa neno moja tu: taja kiwango kwa jina lake. Bunge lingekubali kwa nusu saa.

Kwa hiyo, unaposoma, piga mstari chini ya kila neno ambalo mtu ataadhibiwa au kulipishwa kwa ajili yake. Kisha uliza: neno hili limefafanuliwa wapi? Kama jibu ni "kila mtu anajua maana yake", hapo pana shimo.

Na usiishie kwenye maneno. Jiweke mahali pa mtu atakayetekeleza. Afisa wa kaunti ndogo aliye mbali na lami, atafanya nini asubuhi ya kwanza? Fomu zipo? Bajeti ipo? Sheria inataka bodi ya watu 11; nani atawalipa? Kanuni zitatungwa na nani na kwa muda gani? Sheria nyingi hapa kwetu hukaa miaka zikisubiri kanuni, na mkubwa wako ataulizwa kwenye mikutano kwa nini "sheria yake" haifanyi kazi.

Tano: haki za watu

Orodhesha kila kifungu kinachopunguza haki iliyo kwenye Katiba, na kwa kila kimoja jibu maswali ya Kifungu cha 24: kwa nini, kwa kiasi gani, na je, hakuna njia nyepesi zaidi?

Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi kaskazini mashariki, Mswada wa Mabadiliko ya Sheria za Usalama ulipitishwa katikati ya vurugu ukumbini, na kesho yake, Desemba 19, ukatiwa saini. Siku moja kati ya 14. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8. Kimojawapo kilisema wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati waliokuwepo tayari walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Mtu yeyote mwenye kikokotoo angeuliza: waliozidi wapelekwe wapi?

Sheria ya Makosa ya Mitandao nayo ilitiwa saini Mei 16, 2018. Kabla mwezi haujaisha, mahakama ilikuwa imesimamisha vifungu 26. Mkubwa akiwa na haraka, mwonyeshe tarehe hizi mbili bila maneno mengi.

Sita: hesabu kura, kisha toka nje

Rais wetu hana uwezo wa kukata kifungu kimoja na kutia saini vingine. Anachoweza ni kuurudisha mswada akitaja vifungu asivyovitaka. Bunge likimkubalia kikamilifu, mswada unarudi kwake kwa saini. Likimkatalia, lazima lipate theluthi mbili ya wabunge, na ya jumbe za kaunti kwenye Seneti pia kama mswada unaihusu Seneti. Likizipata, Spika anaurudisha ndani ya siku 7 na Rais ana siku 7 za kutia saini apende asipende.

Kwa hiyo kabla ya kumshauri aurudishe, zungumza na kiranja wa wengi. Usimuulize kama "wabunge wako nasi". Muulize majina. Kurudisha mswada kisha kuangushwa kwa theluthi mbili ni aibu ambayo haina haja ya kutokea, maana idadi hiyo ni ngumu kuipata. Mwaka 2012 wabunge walijitengea kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kila mmoja. Rais Kibaki alikataa. Hakuhitaji hotuba ndefu. Barabara nzima ilikuwa upande wake.

Barabara ndiyo inayonileta 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Juni 25 ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Mchana uleule vijana waliingia ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi mitaani. Juni 26 Rais Ruto alitangaza hatautia saini, na waraka wake ukapendekeza kila kifungu kifutwe. Kwa hesabu ya ukumbini Rais alikuwa ameshinda. Mshauri aliyekuwa akihesabu kura tu angemwambia atie saini.

Hata hivyo kurudisha nako kuna bei yake. Serikali ilibaki ikitegemea sheria ya fedha ya 2023, na Julai 31 Mahakama ya Rufaa ikatangaza kwamba hiyo nayo ni batili. Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo Agosti, na kuutengua Oktoba. Kwa miezi mitatu hivi Hazina ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Kwenye karatasi yako weka swali hili kwa maandishi makubwa: tukiurudisha, kesho asubuhi tunabaki na sheria gani?

Na kuhusu "kutoka nje", sina maana ya tafiti. Panda matatu. Nenda kinyozi. Usiseme unafanya kazi wapi.

Saba: andika karatasi ya kurasa mbili

Kurasa mbili, si mbili na viambatisho kumi vyenye mambo ya maana. Mkubwa ataisoma garini. Huu hapa mfano wa mswada wa kubuni kuhusu maghala ya nafaka:

*Mheshimiwa Rais,*

*Mswada wa Maghala umepokelewa tarehe 3. Siku ya mwisho ni tarehe 17, saa sita usiku. Usipoamua, utakuwa sheria.*

*Ushauri wetu: urudishwe, kwa kifungu cha 9 pekee.*

*Mswada unafanya nini: Mkulima ataweka mahindi kwenye ghala lenye leseni, apewe stakabadhi, na stakabadhi hiyo aitumie kuombea mkopo.*

*Tatizo: Kifungu cha 9 kinamtaka kila mwenye ghala kuwa na leseni, lakini hakisemi ghala ni nini. Kama kilivyo, hata mkulima mwenye gunia 20 chini ya paa la jiko lake anaweza kushtakiwa. Faini ni shilingi laki tano.*

*Anayetaka saini: Waziri wa Kilimo, na wabunge wa mikoa ya mahindi. Wataumia mswada ukicheleweshwa. Mavuno ni mwezi wa kumi.*

*Asiyetaka: Wenye maghala wakubwa wanapinga mswada wote. Hoja yao hatuikubali.*

*Ukitia saini: Kesi itafunguliwa, na tunadhani tutashindwa kwenye kifungu cha 9. Ukiurudisha: Spika anakadiria wiki tatu. Waraka umeambatishwa, tayari kwa saini yako.*

Angalia mambo mawili. Ushauri uko juu, si mwishoni. Na aliyepinga ametajwa hata kama hatukubaliani naye. Siku atakapokutana na mkubwa kwenye hafla na kumnong'oneza, mkubwa asiwe anasikia hoja hiyo mara ya kwanza.

"Mheshimiwa" inatosha. Enzi ya "Mtukufu" ilikwisha, na karatasi iliyojaa sifa huwa imeficha kitu.

Nane: siku ya kukaa naye

Atakuuliza kitu kimoja. Gavana wangu alikuwa akivua miwani kwanza, ndipo aseme: "Haya, Wakili. Nitie nisitie?"

Nilipokuwa kijana nilijibu kwa kueleza pande zote mbili. Siku moja alinisikiliza hadi mwisho, akavaa miwani, akasema, "Nimekuuliza njia ya kwenda Nakuru, umenipa ramani ya Kenya." Tangu hapo nikawa najibu kwanza, naeleza baadaye: "Usitie, Mheshimiwa. Kwa sababu ya kifungu cha 9." Akitaka zaidi atauliza.

Asipofuata ushauri wako, muulize mara moja tu, bila kisirani, kama amekiona kile unachokihofia. "Mheshimiwa, kesi ikija tutashindwa; umelipima hilo?" Akisema amelipima, basi. Yeye ndiye aliyepigiwa kura. Kazi yako sasa ni kumwandikia maelezo bora kabisa ya uamuzi usioupenda. Ila lile swali lako na jibu lake viandike kwenye faili, pamoja na tarehe.

Kitu kingine: akikuambia "tangaza kwamba nimeukataa" kisha akaondoka kwenda mkutanoni, mkimbilie. Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa Rais chini ya Katiba uwe kwa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Tamko jukwaani halisimamishi siku 14. Waraka lazima ufike kwa Spika na upokelewe.

Tisa: baada ya kalamu

Akitia saini, sheria ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku 7, na itaanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja siku nyingine. Angalia kama imetaja. Sheria ikianza kabla fomu hazijachapishwa, lawama hupanda ngazi hadi kwenye ofisi yenu.

Taarifa kwa wananchi itoke siku ileile, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ile ya Kiswahili isiwe imetolewa na mashine saa nne usiku. Mwambie Mwanasheria Mkuu ajiandae. Mara nyingi ombi la kusimamisha sheria hufika mahakamani ndani ya siku chache. Mpe faili lote: maoni ya umma, barua za wizara, Hansadi yenye mistari yako ya kalamu nyekundu.

Kama ameurudisha, peleka waraka mwenyewe kwa mkono. Nenda na karani wa masjala. Subiri daftari lifunguliwe, tazama muhuri ukigongwa, soma tarehe na saa kwa sauti, omba nakala. Mimi hupiga picha ya ukurasa ule kwa simu, hata siku hizi ambapo kila mtu ananiambia barua pepe inatosha.